Nilijenga mfumo wa maji taka wa asili kijijini, nikapoteza nafasi yangu kwenye ulanzi

Wakuu, habari za jioni. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi kijiji kimoja huku Madaba, Songea. Nimefiwa na mke, watoto wako mjini. Kampani yangu ilikuwa wazee wa kilabuni tu. Jioni tunakaa, kikombe kimoja cha ulanzi, pombe yetu ya utomvu wa mianzi, kinazunguka, story zinaenda.

Vyoo vya bweni la shule yetu vilikuwa vinafurika hadi kwenye kijito tunachochota maji. Hela ya mtambo wa kusafisha maji taka hakuna.

Nikawaonyesha wanakijiji system niliyojifunza kwenye site moja. Shimo la kwanza linatuliza uchafu, halafu maji yanapita polepole kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Mizizi na kokoto vinasafisha. Hakuna umeme, hakuna pampu.

Kijiji kizima kilibeba mawe. Nilijisikia mtu kweli kweli, wakuu.

Sasa kosa langu. Matete hayakutosha. Kipande cha mwisho nikapanda mianzi ya ulanzi kutoka kwangu. Huku kwetu ukiona ardhi yenye maji, mkono unapanda mlanzi wenyewe!

Ikastawi balaa. Masika ya mwaka huu nikagema, nikabeba dumu zima kilabuni nikiwa na furaha zote.

Mzee Komba, mkubwa wetu pale, akaonja.

"Mtamu huu. Wa wapi, fundi?"

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya.

"Wa kule chini ya shule, mzee."

"Kule yanakoishia maji ya vyoo?"

"Ndiyo, ila yanakuwa yameshasafishwa."

Akakiweka kikombe chini taratibu. "Leo tumbo langu haliko sawa, mwanangu."

Wote matumbo yakawa hayako sawa.

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo linaloniuma. Kesho yake nilikuta nimetengewa kikombe changu cha plastiki, chekundu. Kile cha kuzunguka kikifika kwangu kinarukwa. Nilivumilia wiki mbili, nikaacha kwenda.

Cha ajabu, kijito ni kisafi na wote wanachota, hata Mzee Komba.

Juzi amekuja mtaalamu kukagua. Kasifia sana, kapiga picha. Nikamkaribisha ulanzi. Akasema anaendesha gari.

Nimejifunza kwamba kusafisha maji ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye vichwa vya watu, na mimi sikumuuliza hata mmoja kabla ya kupanda. Mianzi nitaing'oa, nipande matete. Sijui kama kikombe kitarudi.

Wenye uzoefu wa mifumo hii, au wa kutengwa kistaarabu namna hii, tiririkeni hapa. Nitajibu kila mmoja. Jioni siku hizi sina pa kwenda.