Amplifaya Niliyoipima Ng'ambo ya Bonde

Aibu hii ni yangu, wala sitaki mjukuu wangu anayeniandikia aipunguze makali kwa maneno laini. Mimi sikusoma, lakini neno likipunguzwa ninalijua. Andika kwamba bibi yako, mwenyekiti wa kamati ya kwaya, mwanamke anayewakemea wenzake kwa kuchelewa ibada, ndiye aliyemvunjia heshima mumewe mbele ya usharika mzima, na kwamba yote yalianzia kwenye kuchagua amplifaya.

Babu yako hupiga gitaa la pedali. Hilo si lile la kukumbatia kifuani (waeleze, wasije wakadhani): husimama kwa miguu yake kama meza, mpigaji huketi nyuma yake, mkono mmoja hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na miguu hukanyaga pedali za kuipandisha na kuishusha sauti. Aliachiwa na daktari mgeni aliyerudi kwao, akajifundisha mwenyewe, na miaka yote alilipiga sebuleni tu, kwa kuwa kanisani halikusikika. Kisha vidole vikaanza kukakamaa. Akaniambia, "Mama Eliza, kabla havijafunga kabisa, ningependa watu wanisikie, japo mara moja."

Kwaya ikakubali kwamba Siku ya Mavuno yeye apige gitaa na mwalimu wa kwaya apige kinanda cha umeme, vyombo vyote viwili katika amplifaya moja, na mimi nikatumwa mjini Soni kuichagua. Babu yako hakuweza kwenda, baridi ilikuwa imemshika magoti, lakini alinisihi mlangoni: "Usitafute yenye kelele. Tafuta inayosema kile ilichoambiwa."

Nikaitikia. Kuitikia si kusikia.

Muuzaji alinipa shikamoo yangu kwa adabu, nikamweleza shida yangu, akanionyesha sanduku jeusi, zito, lenye spika moja pana. "Kwa gitaa la namna hiyo na kinanda, bibi, chukua hii. Ukiongeza sauti haikoromi, na kila chombo kina tundu lake." Nikalitazama sanduku, nikaliona limekaa kimya kama mgeni asiye na habari. Kando yake palikuwa na amplifaya nyingine, yenye spika mbili za tarumbeta.

"Na ile?"

"Ile ni ya minada na mikutano, bibi. Ni ya maneno, si ya muziki."

Sasa, sisi watu wa milimani tuna kipimo chetu: sauti ya maana ni ile inayofika ng'ambo ya bonde, kwa kuwa ndivyo mama zetu walivyotuita na ndivyo tunavyopashana habari za msiba. Basi nikamwamuru aziweke zote mbili barazani na kupiga kinanda cha dukani kwa zamu, nami nikavuka mto, nikapanda mteremko wa pili, kanga mkononi, ili nikisikia niipeperushe (soko zima likaacha karoti zake, likasimama kumtazama kikongwe anayepunga nguo mlimani). Sanduku jeusi sikulisikia hata kidogo. Tarumbeta zilinifikia kana kwamba zimesimama begani pangu.

"Bibi, utajuta," muuzaji akasema niliporudi.

"Nilikuwa nachagua sauti kabla baba yako hajazaliwa," nikamjibu. "Funga, twende."

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa kabichi, plamu, na beberu mmoja aliyefungwa kwenye mguu wa benchi akisubiri mnada. Nikaagiza tarumbeta moja iwaelekee waumini na nyingine itoke dirishani, ili bonde nalo lifaidi. Babu yako alivaa koti lake la harusi. Akatelezesha chuma juu ya uzi wa kwanza, taratibu, kama anavyofanya sebuleni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mnyama anayeburutwa. Kinanda kikajibu kama sufuria zinazoporomoka. Babu yako akainua uso, akanitafuta kwa macho, akatikisa kichwa.

Nami, kwa kiburi changu, nikadhani sauti haitoshi. Nikainuka, nikaenda mbele, nikazungusha kitufe hadi mwisho.

Mluzi uliotoka hapo siwezi kuueleza. Watoto walilia, beberu alikata kamba akapita juu ya kabichi za watu, wanakwaya wakaziba masikio, mimi nikawa nazungusha kila kitufe isipokuwa kile kinachotakiwa, mpaka mwalimu wa kwaya akauchomoa waya ukutani. Katika kimya hicho tukasikia miguu ikikimbia nje. Walikuwa jirani zetu Waislamu wa ng'ambo, wenye majembe mikononi na tope hadi magotini. Aliyetangulia, Bakari, alisimama mlangoni akihema.

"Poleni sana, mgosi," akamwambia babu yako (ndivyo tunavyomwita mwanamume wa heshima). "Nani katutoka?"

Babu yako akaweka chuma chini. "Hakuna aliyetutoka, Bakari. Ni mimi tu, nilikuwa napiga gitaa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Niliirudisha ile amplifaya Soni, nikaomba radhi (mimi!), nikabadilishiwa lile sanduku jeusi. Lakini baridi ya mwaka huu ilikuwa ndefu, na yeye hakutaka kuligusa hadi ilipopita. Asubuhi moja nikamwekea kiti, nikachomeka waya, nikatoka nje nisimsimamie. Kupitia dirishani nikamwona akijaribu kushika chuma kwa vidole vilivyokwisha kufunga, kikamponyoka, kikaangukia nyuzi, na sauti iliyoinuka ilikuwa safi, ndefu, ikajaa nyumba nzima bila kukwaruza popote. Nikasikia akisema, "Hii ndiyo yenyewe." Kisha akazima.

Nimeapa sitachagua tena kwa sikio langu kitu cha sikio la mwingine. Na wewe usiniulize kama alilia. Andika kwamba alizima.