Nilipokwenda Ibra Kumchukua Mdogo Wangu

Marehemu bibi yangu, mama yake mama, hakunituma Ibra kutembea. Lakini watu tuliwaambia nakwenda kutembea, na watu wakacheka. Kwetu Birkat al-Mauz, upande wa Nizwa huku Oman, mtu akipata Ijumaa na Jumamosi zake anakwenda Sur kuiona bahari, au anakwenda kulala kwenye mchanga upande wa Mintirib. Ibra ni pahala pa kutia petroli na kununua maji, kisha safari inaendelea. Jirani yetu aliyekubali kunipakia kwenye gari lake pamoja na mbuzi wake wa kuuza Sinaw aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Bibi alikuwa mgonjwa wa figo, na daktari alikwisha kutuambia kwa upole kuwa tusimchoshe tena kwa safari za hospitali. Bibi alitaka jambo moja tu: mdogo wangu wa kike aje akae naye siku chache kabla. Hakusema kabla ya nini.

Mama yetu alifariki mimi nina miaka minane na mdogo wangu ana mitatu. Baba alikwisha kupata kazi Ibra, kwao, na haukupita mwaka akaoa huko. Siku moja akaja na gari kutuchukua. Bibi akamwomba amwachie mtoto mmoja. Baba akasema sawa, chagua. Bibi akanichagua mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikasikia.

Tangu hapo ilipita miaka kumi na mmoja. Zamani baba alikuwa akimleta mdogo wangu siku ya Idi, wanakaa saa moja, wanakula, wanaondoka. Halafu ikabaki simu. Nyumba ya baba ni ya Kiarabu kitupu, na Bibi, ijapokuwa alikaa Oman zaidi ya nusu ya umri wake, Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Kwenye simu yeye na mdogo wangu walisalimiana, wakaulizana hali, wakamaliza maneno yote waliyonayo pamoja, na mimi nikabaki nimeshika simu katikati ya watu wawili wasiosema.

Nami si msemaji. Niliacha skuli baada ya masomo ya chini kwa sababu hiyo. Mwalimu akiniita tu nilikuwa natokwa na jasho hata jibu nilijualo likapotea. Nikaingia kazi ya mashamba, kufungua na kuziba maji ya mfereji wa falaji kwenye migomba ya watu, kazi isiyotaka maneno mengi. Bibi aliijua hali yangu. Usiku wa kuamkia safari alinifundisha la kufanya.

"Ukishindwa kusema, usiseme," aliniambia. "Baba yako akikupa kahawa ipokee, iweke chini, usinywe. Mwarabu akiona mgeni hanywi kahawa yake lazima amuulize ana haja gani. Na akishauliza, ni aibu kumrudisha mikono mitupu."

Yeye alikuwa mtu wa Unguja mjini, na hilo alijifunza hapa hapa kwa mkwewe. Nikalichukua kama mtu anavyochukua funguo.

Alhamisi baba alinipokea Sinaw, pembeni ya soko la mbuzi. Nikambusu mkono. Njiani aliniuliza Bibi hajambo? Nikajibu hajambo, kama tunavyojibu sote hata kwa mtu anayekata roho. Baba akasema alhamdulillahi, na tukafika Ibra bila ya neno jengine.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa geti. Kwa muda sikumjua. Alikuwa ameandika karatasi nzima, mambo ya kunionyesha, moja, mbili, tatu, na wakati wa kila moja. Aliniambia amewaeleza wenzake wa skuli kuwa kaka yake anakuja Ibra kuitazama, basi, si kwa harusi, si kwa msiba, wala si kwa kupita. Wenzake hawakumsadiki. Alisema mimi ni mtu wa kwanza. Nilicheka, nikaona haya, na sikumsahihisha.

Tuliongea Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki "njoo" na "kula" na "mkate wa kumimina," ambao hakujua tena ni mkate gani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, jua lilipopoa kidogo, akanipeleka Ibra kongwe. Sikuwahi kuambiwa kuwa ipo. Nyumba za ghorofa mbili za mawe na udongo, zimesimama bega kwa bega, nyengine hazina dari, na milango iliyobaki ina nakshi kama ile ya kwenye picha za Bibi. Alinieleza kuwa wenye nyumba hizi walikwenda Unguja wakapata, na walichopata wakakileta hapa wakajengea. Aliingia chumba kwa chumba akinitangulia, akinionyesha pa kukanyaga. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na vishubaka vya kuwekea vyombo, kimoja bado kina kipande cha sahani ya maua kilichokwama kwenye chokaa. Alikigusa kwa kidole, akaniambia na mimi nikiguse.

Kisha akanipeleka soko la wanawake, ambalo siku hiyo lilikuwa limefungwa, meza tupu na paka mmoja.

"Njoo Jumatano," akaniambia. "Lakini hutoingia. Wanaume wanafukuzwa. Utasimama kule na punda."

Nikamuuliza punda wako wapi. Akasema hawapo, nitakuwa peke yangu.

Alitutania sana sisi watu wa upande wa Nizwa. Alisema tuna ngome moja na tunajivuna nayo kama tumeijenga wenyewe, na Ibra ina mnara juu ya kila kilima na hakuna anayeuliza. Kila alipomaliza kitu alitoa karatasi yake akakipiga mstari. Nilifurahi nikasahau. Namaanisha kwamba kwa saa nzima nzima nilisahau kilichonileta, na nilipokumbuka nilijiambia: maneno nayaweka kwa ajili ya kahawa.

Jumamosi tulipanda mnara alfajiri kabla ya joto. Ibra yote ilikuwa chini yetu, wadi, mto mkavu, umeukata mji katikati, mitende huku, maduka mapya kule, na barabara kubwa ya Sur ambayo magari yalikuwa yakipita bila ya kupunguza mwendo. Alikaa juu ya jiwe akayatazama. Halafu akaniuliza kama mama alikuwa na nywele kama zake. Nikamwambia ndiyo, nzito hivyo hivyo, Bibi alikuwa akizisuka kila Ijumaa. Akazishika nywele zake chini ya mtandio.

Pale ndipo palikuwa pahala pa kusema. Neno "Bibi" lilikwisha kutoka mdomoni mwangu. Nilibakisha kusema kuwa anaumwa, kuwa anakutaka, je, utakuja? Nilimwambia tuteremke, jua linapanda.

Baada ya hapo tukakaa chumba cha wageni, baba na mimi, na tende na dele la kahawa. Mdogo wangu akaleta sahani ya matunda, naye akakaa karibu na mlango. Baba akanimiminia finjani. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Nikaiweka chini.

Baba akaitazama finjani, akanitazama mimi. Akaniambia ninywe. Sikunywa. Moshi wa kahawa ukaisha. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akasema na mimi kwa Kiswahili, kile cha nyumbani kwa baba yake, ambacho nilidhani amekisahau.

"Sema haja yako, baba."

"Bibi anataka kumwona," nikasema. "Anakufa."

"Juzi umeniambia hajambo."

"Ndiyo."

Alipangusa uso wake kwa kiganja. "Kunywa kahawa yako," akasema. "Atakwenda leo."

Nikanywa, imeshapoa. Nilijiona mtu mzima. Nilikuwa sijawahi kuomba kitu kikubwa namna ile nikakipata.

Mdogo wangu hakufahamu tulichosema. Akamuuliza baba kwa Kiarabu, na baba akamweleza. Akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Kwa hivyo hukuja kuiona Ibra."

Nikasema nilikuja, nimeiona, nimeipenda. Ilikuwa kweli, lakini ilisikika kama uwongo. Akasema tulikuwa peke yetu siku mbili na sikumuuliza. Nimemuuliza baba. Halafu akasema, "Alipoambiwa achague alikuchagua wewe. Basi wewe ukae naye."

Baba akatazama chini, nikajua ni nani aliyemwambia. Mdogo wangu akaondoka, na karatasi yake ikabaki kwenye zulia.

Baba alisimama. Alisema ameshatoa neno, na mtoto atapanda gari, alie asilie. Akamwita mkewe amfungie nguo. Nilikaa pale nikisikia makabati yakifunguliwa huko ndani, na mwanamke akibembeleza, na hakuna anayemjibu. Nikamfikiria Bibi kitandani, anamshika mkono mtoto aliyeletwa kwa nguvu. Na nikafikiria kuwa Bibi pengine angekubali hata hivyo. Alikuwa amesubiri sana.

"Mwache, baba," nikasema.

"Nimeshatoa neno."

"Nakurudishia."

Hapakuwa na finjani mbele yangu wakati huo, na maneno yalitoka yenyewe.

Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Mdogo wangu alikuja kwetu wiki tatu baadaye, siku ya hitma ya Bibi, na hakuna aliyemlazimisha. Alikaa na wanawake, akatandika mikeka na akaikunja, na kabla ya kuondoka akaniomba nimwonyeshe kitanda cha Bibi kilikuwa wapi. Nikamwonyesha. Hilo tu.

Jumamosi ile baba mwenyewe alinirudisha mpaka nyumbani. Aliingia, akampa Bibi shikamoo, akakaa kwenye kiti karibu naye bila ya kuvua saa wala kilemba, akasema Mungu atampa afua. Bibi aliitikia marahaba, lakini nilimwona amegeuza uso kidogo upande wa mlango. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu siku nyingi. Alikuwa akisikiliza kama kuna nyayo nyengine zinaingia.

Baba alipoondoka akaniuliza, "Amekataa?"

Ningeweza kusema ana mitihani. Nilikuwa nimeitayarisha mitihani hiyo njia nzima.

"Anajua kuwa ulinichagua mimi," nikasema.

Bibi akalivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema kwamba mimi nilikuwa mtoto nisiyesema, na mdogo wangu alikuwa anasema na kila mtu, hata na kuku. Aliona yule atapendwa popote atakapopelekwa, na mimi nisingejiweza. Alisema haya polepole, kama mtu anayemweleza mtu mwengine, si mimi.

"Amefika wapi kwa urefu?" akaniuliza.

Nikamkalisha kitako, nikasimama karibu na kitanda. Mkono wake ulitoka chini ya shuka ukanigusa pajani, hapo alipokuwa akifika mdogo wangu siku ile walipoondoka. Nikaushika nikaupandisha, nikaupitisha kiunoni, nikaupitisha kifuani, mpaka begani. Bibi alishangaa, akapapasa kwa mkono begani kwangu kutafuta kama kuna zaidi. Nikamwambia hapana, ni hapo. Akauacha pale, nami nikainama kidogo ili usichoke.