Mume wa Nani

Kazi yangu ilikuwa kusoma matusi. Kwenye barua ya ajira waliiita huduma kwa watumiaji, lakini mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto wawili, najua tusi nikiliona. Tulikuwa na programu ya simu ya kusikilizia muziki wa kwetu, benga na ohangla na kwaya za kanisa, na ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la mabati mjini Kisumu, chumba chenye joto la kutosha kukausha samaki bila chumvi. Kila asubuhi nilifungua kompyuta nikakuta maoni mengi kuliko magugu ya ziwani. Mmoja anasema programu yetu inakula bando kama kiboko aliyeingia shamba la mahindi. Mwingine ametupa nyota moja kwa sababu mke wake amemwacha. Niliwajibu wote kwa heshima, kisha nikachagua yale matamu zaidi nikayasoma kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, na kusema kweli nilikuwa hodari. Niliigiza sauti, niliigiza sura. Fundi wetu wa programu, binti aliyeweza kufanya kazi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika andazi, alikuwa anainamia meza kwa kicheko mpaka chai inamtokea puani.

Bosi wetu alikuwa kijana aliyerudi nyumbani kutoka Nairobi na neno moja tu mdomoni: kusikiliza. Alisema programu kubwa zinakufa kwa sababu hazisikilizi watu. Yetu itasikiliza. Kwa hiyo kila mtumiaji aliweza kuandika maoni, wengine wakayapigia kura, na yenye kura nyingi yakawa kazi ya wiki hiyo. Mabishano yakizuka ofisini, aliyamaliza kwa swali moja: inabamba au haibambi? Kubamba, kwa vijana wa mjini, ni kitu kumpendeza mtu mpaka acheke au ainuke acheze. Kisichobamba kilitolewa siku hiyo hiyo.

Basi maoni yaliyoongoza kura yalikuwa haya: toeni makelele ya walevi katikati ya nyimbo.

Kwa asiyejua, bendi zetu zikipiga baa, mteja anaweza kuinuka katikati ya wimbo, akamtilia mwimbaji kitu kidogo mfukoni, muziki ukasimama, akapewa kipaza sauti ajisifu. Sisi tunaita pakruok. Mtu haji pale kutaja jina la kwenye kitambulisho. Anajipaka mafuta. Nimewahi kumsikia mwenye baiskeli isiyo na mnyororo akijiita mwenye ndege, na ukumbi mzima ukasimama kumpokea kama rais. Akimaliza, gitaa linaingia tena na yeye anarudi kwenye kiti chake akiwa mrefu kwa futi moja. Nyimbo nyingi tulizokuwa nazo zilirekodiwa hivyo hivyo, na wateja hao wamo humo ndani, wanajigamba. Wazee walizipenda. Lakini wazee hawapigi kura kwenye simu. Vijana walitaka ngoma tupu ya kuchezea, na fundi wetu akawapa. Alipitia nyimbo zote akayakata majigambo, akayarundika kwenye folda aliyoiita Takataka. Nyota zetu zikaumuka kama unga wa maandazi.

Wiki hiyo ndipo ulipoingia ujumbe wa nyota moja, bila nukta wala koma: mmetoa mume wangu kwa wimbo.

Niliusoma kikaoni kwa sauti ya mwanamke anayetafuta mtu sokoni. Ofisi iliangua kicheko cha kutikisa mabati ya duka la chini. Bosi alisema nimshauri aangalie kwa jirani. Sikumwandikia hivyo, mimi mtu wa adabu. Nilimtumia jibu letu la kawaida, kwamba tunasikitika kwa usumbufu, tafadhali zima simu kisha uiwashe tena.

Akajibu: nimezima nikawasha hayuko.

Hilo nalo nililisoma.

Baadaye akaja mwenyewe. Alipanda ngazi zetu akiwa na leso kiunoni, na nilimtambua kabla hajasema kitu, kwa sababu nilikuwa nanunua omena, dagaa wa ziwani, kwake Mamboleo, pale kwenye makutano, kila nilipopita huko. Nami sikuwa nimejua kwamba ndiye aliyekuwa ananiandikia. Alisimama mlangoni akauliza ni nani kati yetu aliyemwambia azime simu. Wote waliniangalia.

Tulimpa kiti akatueleza. Mume wake alikuwa dereva wa trekta, akivuta miwa kuipeleka kiwandani Muhoroni, na trela ilipinduka naye akabaki chini yake. Picha zake anazo. Kofia yake anayo. Sauti hana, kwa sababu nyumbani alikuwa mtu wa kuguna: ukimuuliza jambo anasema "mm", ukimuuliza tena anasema "eeh", na mazungumzo yameisha. Katika ndoa yao yote alisema maneno marefu mara moja tu, baa moja kando ya ziwa, alipolewa akaisimamisha bendi. Wimbo huo ukarekodiwa, tukauweka kwenye programu yetu, na tangu mazishi mjane alikuwa anaufungulia kila asubuhi akipanga meza yake. Asubuhi moja simu ikajisasisha yenyewe. Gitaa likapita moja kwa moja pale alipokuwa anaongea, kama vile hakukuwa na mtu.

Bosi aliinama mbele akamtazama kwa huruma ya kweli. Aliuliza marehemu alisema nini kwenye wimbo huo.

"Alinitaja," yule mama alisema.

"Alikutaja vipi, Mama? Tuambie, ndio tujue tunatafuta nini."

Akaangalia sakafu. "Hayo aliyasema yeye. Mimi siwezi kuyasema."

Fundi aligeukia dirisha ili asionekane anacheka. Bosi akamwambia mama pole sana, lakini sisi pale ofisini hatuamui chochote, watu ndio wanaamua, na watu walisema makelele yatoke. Alete watu wake. Wakipiga kura, sisi ni akina nani wa kukataa?

Nilidhani hapo bosi amemaliza naye. Kumbe hakumjua mwanamke wa Mamboleo. Aliwapanga wauza omena wote wa makutano, wauza nyanya, mama wa chapati, kwaya nzima ya kanisa lao na mchungaji juu yake, na aliyekuwa na simu ya vitufe akaazimwa ya mtoto wake. Maoni yaliingia kama mvua ya masika: rudisheni mume wa mama omena. Wengine waliandika kwa Kijaluo, wengine wakaandika aya za Biblia, mmoja akatuma picha ya kopo la omena bila neno lolote. Kura zikapanda mpaka ombi lake likawa la kwanza kwenye orodha, juu ya wale waliotaka nyimbo za bure.

Bosi alifurahi kuliko mtu yeyote. Alisimama mbele ya kikao akasema hii ndiyo maana ya kusikiliza. Lakini vijana nao wasikilizwe. Hawataki makelele ndani ya wimbo. Hivyo makelele yatapewa mahali pake. Tutatengeneza kitufe. Ukikibonyeza, mlevi mmoja anajisifu, unacheka, unamtumia rafiki yako. Na kwa kuwa watu wanalalamikia bando, kila mmoja akatwe abaki mfupi, wa kumaliza kabla hujapepesa jicho.

Fundi akafungua Takataka akaanza kukata. Alipofika kwa dereva wa trekta alituita wote tusikilize. Sauti nzito, ya mtu asiyezoea kipaza sauti, karibu mno na mdomo: "Simamisha muziki! Mimi ndiye mume wa—" na hapo ikakatika. Halafu chumba kizima tukalipuka. Mume wa nani? Fundi alitaka kuongeza kidogo, mtu amalizie, lakini bosi akamshika mkono. Alisema hapo hapo ndipo inapobamba.

Nilitumwa nimpigie simu mama aje aone kazi. Alikuja na omena ya kutushukuru, imefungwa kwenye gazeti, nyingi ajabu, kama kwamba ziwa limekauka na yeye amekusanya. Akaiweka mezani. Fundi akampa simu, akabonyeza kitufe.

"Simamisha muziki! Mimi ndiye mume wa—"

Yule mama aliisogeza simu sikioni akangoja. Alingoja mpaka tukaanza kutazamana. Akabonyeza mwenyewe, akangoja tena, amefumba macho na ameinua kidole kidogo hivi, kama mtu anayewaambia watoto wanyamaze.

"Inakatika," akasema.

"Ndiyo utamu wenyewe, Mama," bosi akamwambia.

"Nipatieni ile ingine yote, tu kwa simu yangu. Sitaweka kwa watu."

Fundi alimweleza vizuri tu, bila dharau. Nafasi kwenye mitambo tunaikodisha, kwa hiyo vikishakatwa, vipande virefu vinafutwa. Cha dereva kilifutwa pamoja na vya wenzake. Nikampigia kiongozi wa bendi mbele ya mama, nikaweka simu kwa sauti ya nje, naye akasema flashi yenye rekodi ile alishaifuta ajaze nyimbo za matanga. Mama akainuka, akatushukuru kwa kazi, akashuka ngazi. Omena tuligawana. Ilikuwa tamu sana.

Kile kitufe kiliwasha Kisumu. Sisemi uongo, hata samaki walikisikia. Dereva wa trekta aliwashinda walevi wote. Ukipita steji ya matatu, makanga anabonyeza. Ukiingia kwa kinyozi, kinyozi anabonyeza wembe ukiwa shingoni mwako. Kwangu Kaloleni watoto hawakuhitaji simu, walikuwa wanapiga kelele wenyewe, simamisha muziki, mimi ndiye mume wa, na mwenzao anamalizia. Maana huo ndio uliokuwa mchezo, kumalizia. Mume wa mbuzi wa chifu. Mume wa transfoma. Mume wa wake za watu. Bosi akafungua ukurasa maalumu, Mume wa Nani, watu waandike mwisho wao na kuupigia kura, na kila asubuhi nikawa nasoma mwisho ulioongoza.

Mama aliandika tena. Safari hii aliomba kitufe kiondolewe, au mume wake peke yake aondolewe. Alisema watu wanamchezea sauti ile akiwa kazini. Ombi liliwekwa kwenye orodha kama maombi mengine, likapata kura mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa yangu, niliipiga nikiwa nimejifungia chooni, kisha nikatoka nikanawa mikono. Nilimwambia bosi kwamba mjane anaumia. Akanionyesha ule ukurasa, watu walivyokuwa wanamiminika, akaniuliza ni nani mwingine katika mji huu amewahi kupendwa hivyo. Alisema kama angekuwa yeye ni marehemu, angefurahi.

Siku moja mchana nilikuwa Mamboleo kununua omena. Nilimkuta mezani kwake, nikamwamkia, akaniitikia kama anavyomwitikia mteja yeyote. Bodaboda mmoja alikuwa ameegesha karibu, amekaa juu ya pikipiki akingoja abiria, na wenzake wamemzunguka. Akabonyeza. Simamisha muziki, mimi ndiye mume wa. Wakaanza kumalizia mmoja mmoja, na yeye ndiye jaji, huyu anampa, huyu anamnyima. Mume wa polisi wa trafiki. Mume wa mama mkwe. Muuza nyanya wa meza ya pili, aliyejua mambo yote, aliinamisha kichwa akafuta nyanya ambazo zilishafutwa.

Akabonyeza tena. Mama alikuwa amechota omena yangu, kopo liko hewani. Akasema, si kwa kelele, lakini kila mtu alisikia:

"Mume wa yule msichana anayepima omena mpaka kopo linamwagika. Yeye alinipima, akaniona nimejaa."

Bodaboda waligeuka. Hawakumjua ni nani. Kwao alikuwa mama wa omena ameingia kwenye mchezo, na walimkaribisha. Yule jaji aliinua uso akafikiri, kwa haki kabisa, kama alivyowafikiria wengine.

"Mathe," akamwambia, "hiyo haibambi."

Mama alirudisha macho kwenye kopo, akalijaza, akaongeza mpaka omena zikawa zinateremka pembeni, akazikusanya na zilizoanguka akanitilia zote kwenye mfuko. Nyuma yangu mmoja wao, mwembamba, aliyekuwa kimya muda wote, akapiga kelele, "Mume wa kopo!" Wakaanguka juu ya pikipiki zao. Jaji alicheka mpaka akavua kofia.

Nilipofika ofisini kesho yake, "mume wa kopo" ilikuwa juu ya zote kwenye ule ukurasa. Bosi alikuwa ameshaiona. Aliniambia niisome, na niisome kwa ile sauti yangu. Nikasimama nikaisoma. Aliuliza kama inabamba, lakini fundi alikuwa tayari ameinamia meza, andazi liko mkononi, chai inamtoka.