Ukoko wa Baba

Watu wengi wa Nairobi wakitaka kujua chakula cha Waswahili hupanda treni wakaenda Mombasa. Mimi nilikwenda kwa miguu. Nilitoka nyumbani Makongeni, nikapitia Kaloleni, nikavuka Jogoo Road na kuipita Shauri Moyo, na kabla jasho halijakauka nilikuwa Majengo, mlangoni kwa mama mmoja mzaliwa wa Malindi ambaye kila asubuhi huuza mahamri na mbaazi za nazi.

Sikwenda matembezi. Nilikwenda kwa hasira. Nimepika katika hoteli za mjini miaka ishirini na mbili, nimevaa ile kofia ndefu nyeupe, wageni wameniita mezani wanishike mkono, na bado baba yangu mzazi alikuwa hataki chakula changu. Tangu mama atutoke alikuwa akila vijiko vitatu kisha anasukuma sahani. Suruali zake zilikuwa zimebaki kushikiliwa na mshipi tu. Usiku nilikuwa nikilala nikiwaza kwamba nitamzika na yeye pia, nami mpishi.

Kitu kimoja tu alikitaja kwa hamu: pilau aliyokuwa akila Mombasa enzi zake za reli, alipokuwa akilala huko kungoja garimoshi la kurudi. Basi nikampikia pilau. Akaonja.

"Ni tamu, mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita. "Lakini si yenyewe."

Nikapika tena, nikaongeza iliki. Si yenyewe. Nikabadilisha mchele. Si yenyewe. Mara ya nne nilimwuliza, "Sasa, baba, hiyo yenyewe ikoje?" Akafikiri sana, akajibu, "Ile ilikuwa ya Pwani." Nusura nirushe mwiko. Kesho yake nikaenda Majengo.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza mahamri kwenye mafuta.

"Njoo Alhamisi, mwanangu," akasema. "Njoo na nyama na mchele. Hicho cheo chako kiache huko huko hotelini."

Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika. Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwake nikatazama. Vitunguu alivikaanga mpaka vikafika rangi ambayo mimi ningekuwa nimeshapiga kelele kwamba vinaungua. Bizari nzima, mdalasini na karafuu alizitia kwa vidole, hapimi kitu. Mchele ulipokunywa maji akafunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko, kisha akaanza kunipa habari za harusi za mtaani, nani aliolewa, na nani alikuja na zawadi ya aibu. Nilicheka mpaka nikasahau hasira. Lakini mkono wa mpishi wa hoteli hausahau. Nikauona unanyanyuka wenyewe na mwiko.

"Wewe! Waenda wapi na huo mwiko?"

"Naangalia kama imeshika chini, mama."

"Na isiposhika, mimi ntakula nini?"

Sikumwelewa. Kwetu hotelini mchele ukishika sufuria ni aibu. Nimewahi kuona mpishi akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikifunua, nikigeuza, nikinyunyizia maji, na nilijivunia kwamba sufuria zangu hazijawahi kushika hata punje moja.

Pilau ilipoiva alipakua sahani za majirani, akazipeleka. Kisha akarudi, akaweka sufuria katikati ya miguu yake na kuanza kukwangua. Ukoko ulibanduka kama kigae, wa rangi ya chai ya rangi, ukimeremeta mafuta. Akauvunja, akanipa nusu. Mimi nimelelewa kwa ukoko wa ugali na chai, lakini huu wa pilau nilipoutafuna niligonga ukuta kwa furaha.

"Huu haupelekwi mezani," akasema. "Huu ni wetu sisi tuliokaa hapa na moshi. Hebu niambie, babako huko Mombasa alikuwa akila wapi?"

Sikujua. Sikuwahi kumwuliza. Nilirudi Makongeni nikitembea kama mtu anayefukuzwa.

"Jikoni," baba akajibu. "Mama wa nyumba tuliyokuwa tunalala alikuwa anapika uani, mimi namenya vitunguu saumu. Tulikuwa tunacheka, wacha tu!"

Na mimi mara zote nne nilikuwa nimempelekea pilau sebuleni, kwenye trei, na kitambaa kilichokunjwa pembe tatu. Nilimwacha peke yake na televisheni, nikarudi kuosha vyombo. Nilikuwa nimemfanya baba yangu mteja. Niliona aibu, na nilimwambia hivyo.

"Ile huduma ilikuwa safi," akasema, huku akinicheka.

Jumapili, kabla ya zamu yangu ya jioni, nilitoa jiko la makaa nje, nyuma ya nyumba, nikamwekea baba kiti na kumpa vitunguu saumu. Alimenya polepole, akilalamika kwamba vitunguu vya siku hizi ni vidogo kama meno ya panya. Nikampa habari za harusi za Majengo, zile zile, nikaongeza chumvi. Kijana wa jirani akapita, akasimama.

"Mathe, hiyo harufu ni noma! Nikam na sahani?"

"Kuja nayo," baba akamjibu. "Lakini sufuria ni yangu."

Makaa yalipokuwa juu ya kifuniko, mkono wangu ulinyanyuka mara mbili nikaurudisha. Mara ya tatu baba aliushika. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini haukuachia.

"Wacha ishike," akasema.

Nikapakulia majirani, kisha nikaweka sufuria katikati yetu. Baba akaninyang'anya kijiko, akakwangua mwenyewe, akavunja kipande, akakitafuna kwa yale meno yaliyobaki. Akavunja kingine. Na kingine. Mimi nilikuwa nimekaa kama mtahiniwa, nangojea aseme kama ndiyo yenyewe.

Alikwangua mpaka chini pakang'aa, akapangusa vidole, akaniangalia.

"Kesho tunapika nini?"

Nikamwambia samaki wa kupaka, na kwamba nazi atakuna yeye. Akaanza kukunja mikono ya shati papo hapo.