Daftari la Bi Pua

Jina la Bi Pua alipewa jikoni, mwaka wake wa pili kazini, na aliyempa ni mpishi mkuu wa hoteli. Wakati huo alikuwa muosha glasi. Kutwa nzima mikono imo ndani ya maji ya moto, mgongo unamuuma, na kila glasi ya mvinyo iliyorudi na mabaki hakuimwaga kabla hajaipeleka puani. Si ulevi, maana hata tone hakuwa akimeza. Alitaka tu kujua kwa nini kitu kilichotoka kwenye zabibu kinukie mara ndimu, mara pilipili manga, mara ngozi ya kiatu kipya.

Siku moja akamgeukia mpishi mkuu na glasi mkononi. "Kaka, mvinyo huu mbovu. Unanuka boksi lililolowa."

Mpishi alicheka mpaka akashika mbavu. Hajamaliza kucheka, mhudumu akaingia amebeba chupa ulikotoka mvinyo ule: mgeni wa meza ya dirishani ameirudisha, anasema kizibo kimeuharibu mvinyo. Kicheko kikamkauka mpishi mdomoni. Tangu hapo chupa yoyote yenye mashaka ilipitia kwanza kwa Bi Pua.

Miaka ikapita, akakabidhiwa ghala la mvinyo. Kilikuwa chumba cha chini ya ngazi, hakina dirisha, ubaridi wake ni uleule asubuhi na jioni. Rafu alizitengeneza mumewe, fundi seremala, kila chupa ipate kulala ubavu. Mhudumu mgeni akiuliza kwa nini chupa zimelazwa kama wagonjwa, Bi Pua alimjibu papo hapo: "Kizibo hiki ni gome la mti. Kikikauka kinasinyaa, kikisinyaa hewa inaingia, hewa ikiingia unakunywa siki. Zenye kifuniko cha kuzungusha ndizo nimeziruhusu kusimama."

Pale ghalani, juu ya kreti lililofunikwa gazeti, ndipo alipoandika daftari lake. Lilikuwa na jalada gumu la bluu na lilimchukua miaka kumi na sita. Alisoma majarida waliyoyaacha wageni vyumbani, kamusi pembeni, kisha akayaandika mambo kama anavyoyasema. *Zabibu nyeusi nyingi zina maji meupe. Wekundu uko kwenye ganda. Likitolewa mapema, zabibu nyeusi inakupa mvinyo mweupe. Shika glasi mguuni, ukiishika tumboni unaupasha moto. Usijaze glasi kama unanywesha ng'ombe. Acha nafasi uuzungushe, harufu ipande, unuse kabla ya kunywa. Mwekundu nao usipewe mtu ukiwa vuguvugu. Utie kwenye friji dakika ishirini kwanza. Chupa ya povu usizungushe kizibo, kishike kizibo uzungushe chupa, na itoe pumzi tu, isilie kama bunduki.*

Ukurasa alioupenda kuliko zote ulihusu zamani. Aliandika kwamba watu wa milima ya Kaukazi walikuwa wakitia mvinyo kwenye mitungi ya udongo miaka kama elfu nane iliyopita, na kwamba Wamisri wa kale waliandika juu ya mitungi yao mwaka, shamba, na hata jina la aliyeutengeneza mvinyo. Hapo akaongeza maneno yake mwenyewe: *Watu hao walikuwa na adabu. Hawakuficha jina la aliyefanya kazi.*

Akaja meneja mpya, na meneja akaja na mtaalamu wa mvinyo. Kijana nadhifu, tai shingoni hata kwenye joto la jikoni, beji ya rangi ya dhahabu kifuani. Kabla ya chakula cha mchana cha siku yake ya kwanza, wahudumu walikwisha kumwita Tai.

"Dada," alisema Tai, akichungulia ghalani bila kuingia, "nasikia una daftari. Niazime siku mbili tatu, nijue hoteli ina nini."

Bi Pua akampa. Baadaye alijilaumu mpaka akachoka kujilaumu.

Wiki ile ile Tai akaamuru chupa nzuri zitolewe ghalani zikasimamishwe ukumbini, kwenye kabati la kioo ubavuni mwa mashine ya kahawa, taa sita zikizimulika kutoka juu. Bi Pua alikwenda mwenyewe ofisini.

"Bosi, pale kuna mwanga, kuna joto, na zimesimama. Mvinyo utakufa."

Meneja hakuinua macho kwenye kompyuta yake. "Dada yangu, wageni wanakula kwa macho. Mwachie aliyesomea."

Bi Pua akatoka. Usiku wake wote nyumbani haukuwa na jambo jingine. "Mke wangu, utapasuka," mumewe akamwambia. "Nipasuke!" alijibu. Lakini kimya kimya aliacha chupa nne za shehena ile ile zimelala kwenye rafu ya chini kabisa.

Mwezi wa tano tangu Tai aje, kikatoka kijitabu. Karatasi ya kung'aa, picha za zabibu, kikawekwa kimoja juu ya kila meza. Bi Pua alikifungua akiwa amesimama katikati ya ukumbi, na akayaona maneno yake. Ng'ombe wake yumo. Bunduki yake imo. Hata ile mistari ya Wamisri imo, neno kwa neno, na adabu yao ya kutoficha jina la mtu. Kwenye jalada, chini ya picha ya Tai ameinua glasi kaishika tumboni, limeandikwa: Kimetungwa na Mtaalamu wetu wa Mvinyo.

Alimfuata Tai, akamkuta anajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha hoteli, dada. Ulichoandika kazini ni cha kazini. Mimi nimekinyoosha tu."

"Umenyoosha nini? Hata kosa langu la herufi umelibeba!"

Tai akatabasamu, akamwacha pale pale. Daftari lenyewe Bi Pua aliliona juu ya meza ya meneja, limewekewa kikombe cha chai, duara la unyevu juu ya jalada la bluu. Akalichukua bila kumwomba mtu ruhusa.

Haukupita mwezi, mama mwenye hoteli akaja kula mchana na wageni wake. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliiogopa. Tai akatoa chupa kabatini kwa mbwembwe, akamimina. Mama akaonja, akaukunja uso. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilinuka siki mpaka kwenye meza ya jirani.

"Ghala hilo, mama," Tai akasema haraka. "Nilisema tangu mwanzo, huyu dada hajui kutunza."

Bi Pua alikuwa mlangoni, trei ya glasi mikononi. Akaitua. Akashuka ngazi, akarudi na chupa moja kati ya zile nne, vumbi lake likiwa juu yake, akaifungua mbele yao wote na kumimina kidogo mbele ya mama.

"Shehena ni moja, mwaka ni mmoja," alisema, na sauti ilianza chini ikapanda. "Hii ililala gizani. Zile huyu amezipika kwa taa miezi mitano, nikasema, nikaambiwa aliyesomea aachiwe. Ni kweli sikusomea, mimi niliosha! Nimeosha glasi zenu mpaka kucha zikalainika, nikajifunza kutoka kwenye mabaki yenu. Na kijitabu hicho mnachopepea nacho ni changu, kila neno, ameiba mchana kweupe, na leo anataka kunibandika siki yake!"

Mama mwenye hoteli akazungusha glasi, akanusa, akaonja. "Huu ni mzuri," akasema. Kisha akamgeukia meneja. "Mwambie aombe radhi kwa kelele, tuendelee kula."

"Umesikia," meneja akasema. "Omba radhi, yaishe."

Bi Pua alimtazama mama, akamtazama meneja, akamtazama Tai aliyekuwa anarekebisha tai yake. Kilichomkata maini hakikuwa wizi peke yake. Wameonja ukweli, wamekiri ni mtamu, na bado wanataka yeye ndiye apige magoti.

"Siombi," alisema. Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza yao, kati ya sahani.

Hakutoka moja kwa moja. Alipitia meza zote za ukumbini akakusanya vijitabu, thelathini na nane, akaketi mapokezi na kalamu nyeusi. Kwenye kila jalada akafuta maneno ya Mtaalamu wetu na kuandika jina lake kamili, lake na la baba yake, jina ambalo humo hotelini hakuna aliyewahi kulitumia. Meneja alisimama pembeni akitishia kuita mlinzi. Mlinzi alikuja, akasoma, akamwambia, "Shangazi, hiki cha mwisho umekiruka."

Sasa yuko kwenye mgahawa wa meza tisa nyuma ya maduka ya vitambaa. Mpishi mkuu ndiye aliyempeleka. Mumewe amemtengenezea rafu nyingine. Kila Jumatatu asubuhi anafundisha wahudumu, na anafundisha kwa ukali. Anayeshika glasi tumboni anapigwa jicho la kumtoa jasho. Alidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Juzi simu ililia wakati anapanga chupa. Alikuwa meneja, sauti imelainika kama siagi. "Dada yangu, habari za siku? Tuna wageni, tunawapa samaki wa ndimu, sasa Tai hayupo, alihama. Tuwawekee mvinyo gani?"

Bi Pua akaikata simu. Akairudia rafu, wahudumu wake wakimtazama.

"Mweupe mkavu, wa baridi!" akaifokea rafu. "Kitu rahisi kama hicho, na bado hawajui!"