Meiyou ya Ofisini

Odilia alikuwa akishusha bei kwa miguu. Wote wanaomfahamu pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakoishi na kufanya biashara Waafrika wengi, wanalijua hilo. Kichina chake ni cha sokoni, maneno ya kuokota, kwa hiyo akiwa kwenye maduka ya vitambaa ya Zhongda haongei sana. Hutaja bei yake mara moja. Mwenye duka akitikisa kichwa na kusema "meiyou", yaani hakuna, bei hiyo haipo, Odilia hulilaza jora la kitambaa taratibu, akageuka, akaondoka. Haendi mbio. Hutembea kama mtu aliyesahau kitu. Kabla hajafika kona, sauti humfuata: "Lai, lai!" Njoo, njoo. Hapo ndipo biashara huanza.

Kwa meiyou za namna hiyo alijaza duka la vitambaa pale Songea, ambalo mumewe William ndiye hulisimamia. Kwa hizo hizo alimleta binti yao Lulu aje kukaa naye, baada ya mtoto kulelewa na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Siku ya kwanza, pale uwanja wa ndege, Lulu alimwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo mama mdogo." Odilia alicheka mbele za watu. Machozi yalimtoka chooni.

Basi hofu ya kutenganishwa tena na mwanawe ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi, na chanzo chake kilikuwa safari ya shule. Shule ilikuwa mbali upande wa kaskazini. Asubuhi walipanda treni ya chini ya ardhi, na kutoka stesheni wakakodi pikipiki ya umeme, mtoto akibanwa katikati. Mvua zilipoanza pikipiki iliteleza kwenye kona, Lulu akapasuka kidevu. Jeraha lilipona, likaacha kovu dogo ambalo Odilia aliliona kila alipomfunga mtoto vifungo vya shati.

William naye aliliona kwenye simu. Hakugomba. Alisema tu kwamba amechoka kulala na simu kifuani, na kwamba muhula ukiisha bila usafiri wa maana, mtoto arudi kwa bibi yake. Mume alikuwa amesema lile ambalo Odilia mwenyewe aliliogopa kila walipopanda pikipiki.

Ndipo zikaja habari kwamba serikali ya mkoa imetoa ruzuku ili shule zinunue mabasi ya umeme, na shule ya Lulu imepata. Odilia aliliona moja pale getini, la njano, jipya. Tuseme lilimwona yeye kwanza, kwa sababu lilimjia mgongoni bila sauti yoyote, naye akamvuta Lulu kwa mkanda wa begi hadi ukutani. "Gari gani hili lisilopiga hodi?" alinung'unika. Lakini alilitazama vizuri. Aliona mikanda kwenye kila kiti, na mama wa Kichina aliyekuwa akishika watoto mikono wakati wa kushuka. Akaingia ofisini.

Dada wa miwani aliyeshughulikia usafiri alimsikiliza. Odilia alitaja Xiaobei, akamwonyesha Lulu, kisha akaonyesha basi dirishani. Yule dada aligeuza kompyuta ili mgeni naye aone ramani ya jiji yenye alama za vituo, akaweka kidole mahali, akasema, "Meiyou."

Moyo wa Odilia ukatulia. Meiyou alikuwa anaijua. Alichukua mkoba wake, akageuka, akatoka kwa ule mwendo wake. Mlangoni alipunguza hatua. Kwenye ngazi aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Alifika getini akasimama, mpaka mlinzi akamletea kiti akidhani anaumwa. Hakuna aliyemwita.

Alirudi siku nyingine, akajibiwa vile vile, akaondoka vile vile.

Jioni aliwasimulia wenzake kwenye mgahawa wa Bi Shamsia, Mzanzibari aliyeishi Guangzhou miaka mingi na kujua Kichina cha kusoma. Shamsia alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Wewe Mama Lulu, umekwenda kupatana bei na serikali?"

Aloyce, wakala wa kago ambaye binti yake Kissa alisoma darasa moja na Lulu, hakucheka. Alisema mambo ya ruzuku ni ya wenyewe, mgeni hapewi, na ndiyo maana yeye hakusumbuka kuomba.

Odilia, ambaye hulala akiyachambua maneno ya watu, alilidaka hilo. "Hukuomba, Baba Kissa, au ulikataliwa?"

"Niombe ili iweje?"

Odilia akamgeukia Shamsia, mwenye wajukuu pale pale shuleni. Naye hakuomba. Alifikiri Aloyce ameomba. Walipowapigia simu wazazi wengine, ikawa hivyo hivyo. Kila mmoja alikaa akimsubiri mwenzake akataliwe kwanza. Shamsia alivaa miwani, akatafuta kwenye simu ujumbe wa shule ambao wote waliupita bila kuusoma, akawasomea: basi litapelekwa mtaa wenye watoto wa kutosha.

Odilia alikumbuka kile kidole kwenye ramani, na mahali penyewe palivyokuwa peupe. Yule dada hakuwa akimkatalia. Alikuwa akimwambia jambo lilivyo, kama mtu anavyokufunulia sufuria uone mwenyewe kwamba hakuna kitu. Na yeye, mtu mzima, alikuwa akisubiri sufuria tupu limwite arudi.

Kesho yake alikwenda, na safari hii alikaa. Alisema Xiaobei kuna watoto. Alirudia kwa Kichina chake kibovu, kisha kwa simu yenye kutafsiri, kisha kwa mikono, akipima vimo vyao hewani, mrefu na mfupi. Dada wa miwani alimtazama sana, akajibu kwamba Ijumaa asubuhi atapita na dereva kukagua njia. Akiwaona watoto, kituo kitawekwa.

Kazi ikawa kuwatoa watu ndani. Aliwafuata mlango kwa mlango, hadi ngazi za nyuma za majengo ya maduka ya jumla. Wengi waliitikia kwa midomo. Aloyce alisema watu wa ofisi huanza na basi wakamaliza na pasipoti.

"Pasipoti yako ina viza?"

"Inayo."

"Sasa unaogopa nini, Baba Kissa, kivuli chako?"

Ijumaa mvua ilinyesha ya kumwaga. Odilia alisimama kwenye kona karibu na daraja la waenda kwa miguu, amemshika Lulu, mwavuli mmoja. Alitazama huku, akatazama kule. Hakutokea mtu. Aligeuka kuitazama ile kona ya mgahawa, na aliporudisha macho basi lilikuwa limeshasimama ubavuni pake, kimya kama paka.

Dada wa miwani alifungua mlango, akamwona mtoto mmoja, akatazama barabara yote iliyolowa. Uso wake ulionyesha huruma. "Meiyou," alisema polepole.

Mlango ukafungwa. Odilia alimpa Lulu mwavuli, akamsimamisha ukutani, akaenda kusimama mbele ya basi. Miguu ile iliyojua kuondoka, siku hiyo aliikatalia. Dereva alimpungia apishe. Hakupisha. Maji yalimwingia shingoni, akasimama.

"Mama Lulu, utagongwa!" Ilikuwa sauti ya Shamsia. Alikuwa akivuka na wajukuu wake chini ya kitambaa cha plastiki alichokivua mezani kwenye mgahawa, vipande vya pilipili vikiwa bado vimekigandia. Nyuma yake walikuja mama wengine na watoto wao, walioona mmoja ametoka wakapata moyo. Wa mwisho alikuwa Aloyce, Kissa mgongoni, pasipoti ikichungulia kwenye mfuko wa shati.

Dada wa miwani aliwanyooshea kidole mmoja mmoja, midomo ikicheza. Alipomaliza akamwambia dereva neno. Dereva akafungua mlango, akainama upande wao, akapunga mkono.

"Lai, lai!"

Odilia alicheka kwa sauti, peke yake, na hakuna aliyejua kwa nini. Alimkabidhi Lulu kwa yule mama wa kushika mikono, akahakikisha mkanda umefungwa. Basi likaondoka. Alitega sikio asikie limefika wapi, kama alivyozoea kwa magari ya kwao, lakini hakusikia kitu ila mvua. Ikambidi alisindikize kwa macho mpaka rangi ya njano ilipoishia.