Mwisho Niliomtungia Bamdogo

Harufu ya tumbaku iliyosokotwa kwenye karatasi ya kitabu haifanani na ya sigara ya dukani. Huwasha pua, kisha huacha ukali wa wino ulioungua. Nikiinusa hadi leo hasira hunipanda upya, nami, wenzangu, huikaribisha.

Miaka ya tisini, pale mtaani kwetu Makanyagio, darasa letu zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Kilihusu chatu aliyemeza watoto wa kijiji, na binti aliyemfuata porini na panga la baba yake. Tulikwenda nacho nyumbani kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilinawa mikono hadi kwenye viwiko, nikasoma mpaka binti alipofika kwenye mdomo wa pango. Hapo mama akanituma maji. Niliporudi, bamdogo Masanja, mdogo wake baba, alikuwa amekaa juu ya kinu anavuta. Kipande cha ukurasa wa mwisho kilikuwa kinaungua mdomoni mwake, na kurasa chache za kabla yake ameshazichanachana tayari kwa kusokotea.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Yeye akacheka.

"Si karatasi tu, mwanangu? Nyie watoto wa shule mna mambo!"

Baba naye akaniambia ninyamaze, nisimkosee adabu mkubwa. Kesho yake shuleni ningechapwa mimi, na wenzangu wasingejua kamwe kama watoto walitoka tumboni.

Hadi siku ile nilidhani vitabu hushuka tu kama mvua, havina mtu aliyekaa akavitengeneza. Nilichomoa karatasi katikati ya daftari langu, nikaandika mwisho wangu. Chatu wangu alikuwa na pengo mbele kama la bamdogo, alikohoa moshi, na aliitwa Masanja. Binti alimpasua taratibu kuanzia mkiani, na sikuwa na haraka. Nikazishona pamoja na kurasa zilizobaki kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, nikaupaka mgongo uji mzito wa muhogo, nikakivalisha kitabu jalada la mfuko wa saruji.

Mwalimu alikisoma amesimama, ameuma midomo. Akanichapa kidogo, kisha akamkabidhi mwenye zamu inayofuata. Kikazunguka nyumba kwa nyumba, kikisomwa kwa sauti jikoni. Kabla mahindi hayajakomaa, bamdogo alikuwa anaitwa Chatu hadi sokoni Kashaulili, alikokuwa anamchumbia binti muuza dagaa. Mdogo wa binti yule alisoma na mimi. Posa ikakataliwa, tena kwa vicheko.

Jioni moja bamdogo alinikuta nachambua mchele.

"Nasikia mimi nimo kwenye kitabu. Hebu niambie kimesemaje."

Kusoma hakujua. Mwisho wangu nilikuwa nimeukariri, nikamtajia neno kwa neno, wala sikuliruka pengo. Akasema kwa sauti ya chini, "Lifute hilo jina, mwanangu."

"Limeshashonwa, bamdogo."

Ukubwani nilikuja kukipata kitabu kile kizima, kwenye rafu ya shule nyingine. Kumbe chatu aliwatapika watoto, akaomba radhi, na kijiji kikamsamehe! Nilikasirika tena palepale. Ndipo nikaelewa nilichokifanya utotoni bila kukijua: anayeandika kitabu ndiye anayeamua nani asamehewe. Yule mwandishi aliamua lake.

Bamdogo sasa ni mzee, na wajukuu zake wanaitwa watoto wa Chatu. Nikienda Makanyagio namwamkia vizuri, shikamoo zote anazipata. Jina sijalifuta.